Kabla ya Pigo la Nne

Ijumaa, 13 Januari 2023

Leo imetoka. Albamu ya tisa ya Hallavaara, bendi ya roki nzito ya hapa kwetu! Baba amekuwa akifuta siku tangu Oktoba, kwa kalamu nyekundu, kwenye kalenda ya jikoni.

Asubuhi nilimkuta amesimama kwenye ngazi za sauna, kibanda chetu cha kuoga mvuke, bila kofia. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na masikio yake yamekuwa kama nyanya. Nilijua anatafuta nini. Kila albamu inapotoka, Oiva, mwimbaji wao na rafiki wa Baba, huleta nakala ya kwanza mwenyewe. Huifunga gazeti, huiacha kwenye ngazi ya juu, huondoka bila kugonga mlango. Alianza na ile kaseti ya 1994, wakati yeye na Baba walikuwa na miaka kumi na minane. Kinachobaki ni nyayo tu kwenye theluji.

Leo hakuna nyayo.

Baba alisema labda Oiva amebanwa na kazi. Lakini kazi yenyewe ninaijua, kwa sababu Oiva ndiye mpishi wa shule yetu. Saa tano alikuwa palepale na upawa wake, wavu juu ya nywele, wavu mwingine juu ya ndevu, akitugawia viazi na samaki. Nilitaka kumwuliza. Sikuthubutu.

Jioni walikuja Anko Jouko na Anko Pentti, marafiki wa Baba, vizibao vyao vya jinzi juu ya sweta, viraka vya bendi kila mahali hadi mgongoni. Ni desturi yao. Kwanza sauna, halafu wanakaa kwenye chumba cha kuvalia, taulo kiunoni, wanasikiliza santuri pande zote mbili. Hakuna ruhusa ya kusema neno mpaka sindano ifike mwisho. Mimi hukaa kwenye sanduku la kuni. Nimekaa hapo tangu nina miaka saba, sasa nina kumi na tano, na sijawahi kuvunja sheria.

Safari hii santuri ilikuwa ya Anko Jouko, ilikuja kwa posta.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa kinanda. Kinanda! Kisha Oiva akaimba. Hakunguruma kama miaka yote — aliimba, polepole, kila neno likasikika, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Anko Pentti alitazama sakafu. Anko Jouko alisema, "Yesu wangu," na hakuna aliyemkaripia.

Katikati ya wimbo wa tatu Baba aliinua sindano.

Hajawahi kuinua sindano. Hata ile albamu ya sita, ambayo wote waliichukia, waliisikiliza hadi mwisho.

Nilidhani atatukana. Alisema tu, "Ndiyo maana hakuileta."


Jumamosi, 14 Januari

Baba hakuwasha redio kwenye lori. Kwa kawaida nikienda naye kusukuma theluji barabarani, huwa tunaweka kaseti ya kwanza, na wimbo wa kwanza kabisa, "Mkate wa Magome". Unaanza kwa mapigo manne ya ngoma, kisha Oiva ananguruma. Baba hunguruma naye. Ila hawezi kusubiri. Pigo la tatu tu, yeye tayari! Mimi humcheka kila mara. "Baba, ni manne!" Naye husema, "Njaa haina subira, binti." Wimbo ni wa miaka ya njaa, wakati watu wa huku Suomussalmi walisaga magome ya misonobari wakala mkate.

Leo tulisukuma theluji kilomita arobaini kimya.

Tuliporudi alichukua wembe akakaa chini ya taa ya jikoni. Akafumua kiraka cha Hallavaara kutoka mgongoni mwa kizibao chake. Uzi mmoja mmoja. Ilimchukua saa nzima. Mama alipita akasema, "Veijo, unafanya matanga?" Baba alifumua uzi mwingine. Mama akaacha kucheka, akamwekea kahawa.

Mahali kiraka kilipokuwa, jinzi bado ni ya bluu kali kama mpya, na pembeni kuna vitundu vidogo vya sindano. Vingi mno. Nilijaribu kuvihesabu nikashindwa.

Sasa jambo ambalo ninaweza kuliandika hapa tu: mimi naipenda albamu hii.

Niliisikiliza kitandani kwa hedifoni, yote, mara mbili. Miaka yote nimependa Hallavaara kwa sababu Baba anaipenda. Mngurumo niliuheshimu jinsi watu wanavyoiheshimu radi. Lakini jana kwa mara ya kwanza nilielewa Oiva anasema nini. Wimbo wa saba unamhusu mtu anayesimama nje ya nyumba ya rafiki yake, anaona mwanga dirishani, anageuka na kurudi. Nililia hadi mto ukalowa.

Ninajiona kama msaliti.


Jumapili, 15 Januari

Baba ana ukurasa wa mashabiki wa zamani mtandaoni. Unaitwa Wazee wa Kaseti. Watu wanausoma hadi Ujerumani na Brazili, kwa sababu Baba alikuwepo tangu mwanzo. Lakini herufi humchezea machoni tangu utotoni, kwa hiyo yeye husema, mimi naandika na kusahihisha. Mwalimu wangu wa lugha hajui kwamba insha zangu zinazosomwa zaidi si zile za darasani.

Leo aliniambia niandike uhakiki. Alitembea jikoni, akasema, akafuta, akasema tena. Alisema bendi imezeeka. Alisema kinanda ni cha kanisani. Alikuwa anatafuta kitu hakipati. "Niandike nini, Saimi? Nieleze vipi kwamba... ilikuwa sauti yetu. Sisi tusiojua kuongea. Alikuwa anapiga kelele kwa niaba yetu."

Alikuwa karibu kulia. Baba yangu!

Basi nikasema — mimi mwenyewe, bila kuombwa — "Tuandike hivi: Mtu akipoteza sauti tutamwonea huruma. Oiva hakuipoteza. Aliiuza."

Baba alisimama. Akarudia maneno hayo taratibu. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akanibusu utosini. "Wewe una kalamu, mwanangu. Una kalamu!"

Nilifurahi sana. Naandika ukweli: nilifurahi.

Sikufikiri kwamba ni uongo. Sikufikiri kwamba ni kweli. Nilifikiri tu kwamba mstari unasikika vizuri.


Jumanne, 17 Januari

Mstari wangu umesambaa. Mtu wa Poland ameuweka chini ya picha ya Oiva. Mtu mwingine amemchora ana lebo ya bei shingoni. Anko Pentti alipiga simu kusema ataufanyia fulana. Baba anasema, "Ni wa binti yangu, ule!" kwa kila anayepiga.

Nimemwomba asiseme ni wangu. Anadhani ninaona haya.


Alhamisi, 19 Januari

Leo ni Alhamisi, na kila Alhamisi shuleni ni supu ya njegere na pankeki. Nilipanga foleni nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mbele yangu walikuwa watu wa darasa la nane. Yule Rasmus, mkubwa wa maneno, alinyoosha sahani akasema kwa sauti, "Anko Oiva, supu hii imepotea au imeuzwa?" Wenzake wakaangua kicheko. Maneno yangu kinywani mwa Rasmus!

Oiva alimtazama. Alimwekea supu, kisha pankeki, kisha jamu ya stroberi, vijiko vitatu badala ya kimoja. Rasmus akaitazama sahani. Akaondoka na jamu yake.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Asante, Anko Oiva." Aliitikia kwa kichwa akatabasamu.

Nikiwa mezani nikagundua: sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akiongea. Zamani alikuwa akipigia foleni nzima kelele, "Aliyetupa mkate namjua! Namjua hadi bibi yake!" Mwaka huu wote wa shule anaonyesha kwa upawa tu.


Jumatatu, 23 Januari

Wiki hii ni zamu yangu ya jikoni shuleni. Kila mwanafunzi wa darasa la tisa hufanya wiki moja. Nimeosha trei mia mbili. Oiva ananionyesha kazi kwa mikono. Ameweka ubao mdogo ukutani, anaandika kwa chaki: VIKOMBE KWANZA. ASANTE. USIJIUNGUZE.

Mama Sirkka, msaidizi wake, anaongea kwa wote wawili na bado anabaki na akiba. "Huyu bwana amekuwa mtawa," ananiambia. "Ukimwuliza habari za asubuhi anakuandikia."


Alhamisi, 26 Januari

Sijui nianze wapi. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa saba mchana Mama Sirkka alikwenda kwa daktari wa meno. Tulibaki wawili. Nilikuwa nasugua sufuria kubwa ya njegere, ile ambayo mtu anaweza kuingia, na bila kujitambua nikawa naimba humo ndani. Ule wimbo wa saba. Sufuria ikaikuza sauti yangu.

Nilipotoa kichwa, Oiva alikuwa amesimama nyuma yangu. Machozi kwenye wavu wa ndevu.

Akasema, "Wewe ni wa kwanza."

Nilishtuka. Haikuwa sauti. Ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. Nikasema, "Wa kwanza wa nini, Anko?"

"Kuuimba. Mwingine hajauimba. Kuuponda tu."

Nikamwuliza kama ana mafua. Alitazama mlango. Akavuta kiti cha chini akakaa, mtu mkubwa vile, magoti yakamfika kifuani. Akaniambia. Polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

Kiangazi cha mwaka juzi, aliposema anakwenda kibandani ziwani kuvua samaki mwezi mzima, hakuvua samaki. Alipasuliwa kooni. Nyuzi za sauti zilikuwa zimechanika na kuota uvimbe, miaka ishirini na saba ya kunguruma. Daktari amempa ruhusa ya kuimba kwa upole, dakika chache kwa siku. Mengine atunze. Ndiyo maana hazungumzi kazini: sauti yote anaiweka kwa ajili ya nyimbo. Na kunguruma — kamwe. Anaweza kunguruma mara moja, daktari alisema, na asubuhi yake asiwe na sauti hata ya kuitia kahawa.

"Wenzangu wa bendi wanajua," alisema. "Na wewe sasa."

"Kwa nini huwaambii watu? Wangeelewa!"

Alicheka bila sauti, mabega tu. "Wangenihurumia. Binti Veijo, miaka yote hii watu wamekuja kuniogopa kidogo. Nikitokea jukwaani wakaniona masikini, bendi imekwisha siku hiyohiyo. Afadhali waseme nimeuza."

Afadhali waseme nimeuza. Alisema hivyohivyo. Nilishika ukingo wa sufuria.

"Na Baba?" nikauliza. "Kwa nini hukumletea yeye?"

Aliuvua wavu wa ndevu, akaukunja. Nilidhani sauti imeisha. Kisha: "Nilifika. Usiku ule wa kuamkia Ijumaa. Nikasimama barabarani. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Ningeiacha ngazini, asubuhi angekuja mbio kuniuliza, Oiva, imekuwaje? Nimekaa dawati moja na Veijo miaka tisa. Watu wote naweza kuwadanganya. Yule siwezi."

Akaniomba nimwahidi. Nikaahidi. Nilimpa mkono, ukiwa na povu la sabuni.

Sikumwambia mstari ule ni wa nani.


Ijumaa, 27 Januari

Pankeki za jana zimebaki. Sikuweza kula.

Ahadi ni ahadi. Bibi alinifundisha hivyo, na walimu, na mchungaji kwenye kambi ya kipaimara. Hakuna aliyenifundisha la kufanya na ahadi inayokata pande zote mbili.


Jumapili, 5 Februari

Anko Jouko na Anko Pentti walikuja kunywa kahawa. Tarehe kumi na nane Hallavaara watapiga hapa kwetu, kwenye Jumba la Wafanyakazi, saa tisa alasiri, ili na watoto waruhusiwe. Onyesho la kwanza la albamu mpya! Nilidhani watasema hawaendi.

Wanakwenda. Wamepanga kusimama safu ya mbele, kama siku zote, Wazee wa Kaseti wote, ishirini na kitu, wengine wanatoka Kajaani na Oulu. Na Oiva atakapoanza kuimba wimbo mpya, wote watageuka. Watampa mgongo hadi mwisho wa wimbo. Na kila wimbo mpya, hivyohivyo. Halafu watapiga kelele kudai "Mkate wa Magome" hadi aukubali.

"Hatuzomei," Anko Jouko alisema. "Kuzomea ni ushamba."

"Mgongo unatosha," akasema Anko Pentti. "Na mgongoni tutaandika mstari wa Saimi!"

Mama akaweka birika mezani kwa kishindo. "Wanaume watatu wenye vipara, mnamnunia mpishi wa shule. Mungu awasaidie."

Baba hakucheka. Alikuwa anakoroga kahawa ambayo haina sukari.

Walipoondoka nilijaribu. Nilichagua maneno kwa uangalifu. Nikasema, "Baba, na kama hawezi? Kama... labda anaumwa?"

Aliniangalia. Nilidhani ameelewa! Kisha uso wake ukajifunga.

"Angekuwa anaumwa, mimi ningekuwa wa kwanza kujua. Nilimbeba mgongoni kilomita tano alipovunjika mguu kwenye barafu. Yeye alisimama nami siku namzika baba yangu. Mtu huyo aumwe asiniambie?" Akatikisa kichwa. "Hapana, Saimi. Mimi ningependa awe anaumwa. Unaelewa? Ingekuwa nafuu."

Nilikwenda chumbani nikaweka uso kwenye mto nikapiga kelele. Bila sauti. Kama Oiva.


Jumanne, 7 Februari

Nilifuta mstari wangu kwenye ukurasa. Dakika kumi baadaye Baba aliuona haupo, akauliza kama kompyuta imeharibika. Nikasema sijui. Akaniomba niurudishe.

Nikaurudisha. Kwa vidole vyangu hivihivi.


Alhamisi, 16 Februari

Supu ya njegere. Nilisubiri foleni yote iishe, nikaenda mwisho. Mama Sirkka alikuwa anahesabu vijiko kwa sauti huko nyuma.

Nikasema haraka, kabla woga haujanikamata: "Anko Oiva, ule mstari ni wangu. Si wa Baba. Mimi ndiye niliyeutunga."

Aliuweka upawa chini.

Nilikuwa tayari kwa chochote. Anifukuze, aniambie nimtazame usoni. Aliinama hadi mdomo wake ukawa karibu na sikio langu, na ile karatasi ikakunjika: "Mstari mzuri. Ningekuwa na akili, ningeutia kwenye wimbo."

Nikaanza kulia juu ya supu. Alinipa kitambaa cha vyombo. Nikamwambia kila kitu, migongo, fulana, kelele za kudai "Mkate wa Magome". Nikamwomba, "Usiupige Jumamosi. Niahidi."

"Haupo kwenye orodha."

"Na wakiuita?"

Alichukua upawa, akaufuta, akautazama kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Safu ya mbele ikiita, binti Veijo... ile safu ndiyo iliyoninunulia gitaa la kwanza, kwa kuokota matunda ya porini kiangazi kizima. Koo ni langu. Lakini sijui kama ni langu peke yangu."

Hilo si jibu! Nilimwambia si jibu. Aliniwekea jamu, vijiko vitatu.


Jumamosi, 18 Februari, asubuhi

Baba amevaa kizibao. Mahali pa kiraka bado patupu, pa bluu. Alikataa fulana ya Anko Pentti. Alisema inambana. Haimbani, nimeiona, ni ya saizi yake.

Ameamka mapema akaenda kwenye ngazi za sauna. Nimemwona kupitia dirishani. Amesimama pale kidogo, akafagia theluji ambayo haikuwepo.

Mama hatakuja, yuko zamu hospitalini. Alinishika kidevu mlangoni. "Uso gani huu? Unakwenda kwenye muziki au kunyongwa?"

Daftari hili naliweka kwenye mfuko wa koti. Sijui kwa nini.


Siku hiyohiyo, chumba cha makoti

Nimekaa sakafuni chini ya makoti. Naandikia magotini. Sitajali mwandiko.

Jumba limejaa. Watoto wenye vizuia sauti vikubwa masikioni, bibi zao, Rasmus na genge lake, mchungaji. Safu ya mbele Wazee wa Kaseti. Mimi safu ya pili, nyuma ya Baba hasa, pua yangu kwenye ile bluu tupu.

Wakaanza na nyimbo mbili za zamani, za gitaa tu, hazina maneno. Watu wakapiga nyayo hadi sakafu ikacheza. Kisha taa zikapunguzwa. Kinanda. Oiva akaja mbele, nywele zimeachiwa, hana wavu, hana aproni. Mrefu. Akashika maiki kwa mikono miwili kama kikombe cha moto.

Neno la kwanza tu — wakageuka.

Wote. Kama mlango unaofungwa. Nikaona uso wa Oiva juu ya vichwa vyao. Hakuacha kuimba. Anko Pentti na wengine saba nane walikuwa wameandikwa mgongoni maneno yangu, na maneno hayo sasa yalikuwa yanamtazama yeye.

Lakini hakuna aliyekuwa amefikiri jambo moja. Ukimpa mtu wa jukwaani mgongo, unawapa uso walio nyuma yako. Baba alikuwa ananitazama mimi. Hatua moja tu. Na mimi nilikuwa naimba. Sikuwa nimepanga! Midomo ilikwenda yenyewe. Neno baada ya neno, mbele ya macho yake.

Aliniangalia kinywa. Akaniangalia macho. Sijawahi kumwona Baba ameduwaa vile. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama amefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu asiowajua wanakula.

Wimbo ukaisha. Wakageuka mbele. Wimbo mwingine mpya, wakageuka nyuma. Baba alichelewa kugeuka, lakini akageuka. Ulikuwa wimbo wa saba. Yule mtu nje, mwanga dirishani, anarudi.

Na katikati sauti ya Oiva ikapasuka kidogo. Kidogo tu. Nani mwingine alisikia? Mimi nilisikia.

Nikavunja ahadi.

Nilimshika Baba kizibao, nikamvuta, nikamwambia sikioni. Yote. Koo, hospitali, samaki ambao hakuwavua. Kwamba alifika usiku ule. Kwamba alisimama barabarani akaona taa yetu. Kwamba alisema, watu wote naweza kuwadanganya, Veijo siwezi.

Mikono ya Baba ilianguka pembeni. Akaanza kusema, "Alikuja—" akaacha. Macho yake yalinipita, yakatazama ukuta wa nyuma, na kidevu kikaanza kutetemeka mbele ya jumba zima.

Nikakimbia. Sikuweza kuona mwisho wake. Mimi ni mtu niliyetoa siri ya mgonjwa mbele ya watu mia tatu, hata kama aliyesikia ni mmoja.

Sasa nasikia kupitia ukuta. Wimbo umeisha. Kimya. Halafu wameanza.

"Mka-te! Mka-te! Mka-te!"

Nyayo. Makoti yanatikisika kwenye viango. Anko Jouko namtambua, na Anko Pentti. Watoto nao wanaita, hata Rasmus, hawajui wanaita nini.

Sauti ya Baba siisikii. Nasikiliza sana. Haimo.

Wanazidi. Oiva, usikubali. Tafadhali usikubali. Haupo kwenye orodha, ulisema.

Gitaa limeunguruma mara moja, wanakaza nyuzi. Watu wanapiga mayowe ya furaha. Kimya tena.

Mpiga ngoma anaanza.

Moja.

Mbili.

Tatu —

Mtu amenguruma. Mngurumo mzima, wa njaa, umegonga ukuta huu hadi mgongoni mwangu.

La nne halijapigwa bado. Baba, ni manne!